Nyumba za Magomeni Kota: nimekaa miezi minne kwa mama mkubwa, haya ndo niliyoyaona

Watu wengi wananiuliza kuhusu zile nyumba za Magomeni Kota hapa Dar, hasa wenye ndugu kwenye maeneo yanayosemwa yatavunjwa, wanataka kujua ukivunjiwa alafu ukajengewa ghorofa maisha yanakuwaje. Na mara nyingi naona wanaojibu ni waliopita barabarani wakaona majengo yanapendeza, au wale ambao kila kitu cha serikali kwao ni kibovu. Mi nimekaa ndani, mwezi wa pili mpaka wa tano, naongea nilichokiona.

Nyumba sio yangu. Ni ya mama mkubwa, dada yake mama. Alivunjika mguu akahitaji mtu wa kumpikia na kumsaidia kuoga, kipindi hicho mi ndo nilikuwa sina kazi kati ya watoto wote wa ukoo, basi nikachukua begi nikahamia.

Kwa wasiojua, pale zamani zilikuwa nyumba za chini, ndo hizo kota zenyewe, watu wamezaliwa humo na wao wakazaa humo. Mwaka 2011 wakatolewa, nyumba zikavunjwa, kaya 644. Uwanja ukakaa miaka, majani yakaota. Mwaka 2016 Rais Magufuli akafika akasema patajengwa kwa hela ya serikali, wenyewe warudi wakae miaka mitano bure alafu ndo wauziwe. TBA, yaani Wakala wa Majengo, wakajenga, na tarehe 23 Machi 2022 Rais Samia akaja kufungua. Ukihesabu toka kuvunjiwa mpaka kushika funguo ni miaka kumi na moja hivi.

Hiyo miaka kumi na moja nayo ni gharama na sijawahi kuona mtu anaiweka kwenye hesabu ya mradi. Mama mkubwa alihama mara tano. Kigogo, Mburahati, Tabata, akarudi tena Kigogo, mwisho Mbagala kwa mwanae. Kila akihama kodi ya miezi sita mkononi, dalali anataka mwezi wake, gari la vyombo, na kila mahali unaanza upya kujulikana dukani mpaka ukopeshwe hata kiberiti. Kabati lake la harusi lilinyeshewa Tabata likavimba milango ikagoma kufunga, akaliacha hukohuko. Baba mkubwa alifariki 2017 kwenye chumba cha kupanga. Siku ya kuchukua funguo mama mkubwa alienda na kofia ya marehemu kwenye mkoba, na mpaka leo iko nyuma ya mlango wa sebule, imetundikwa kwenye msumari, hakuna anayeruhusiwa kuigusa hata wakati wa kufagia buibui.

Sasa nyumba yenyewe. Ni nzuri, nasema kwa dhati ya moyo. Yake ni ya chumba kimoja, kuna sebule, jiko, choo na bafu ndani. Yuko juu kiasi kwamba upepo unapita vizuri, mwezi wa pili watu huko chini wanageuka geuka usiku kucha kwa joto mi nilikuwa nalala bila feni. Mbu ni wa kuhesabu. Ila choo jamani, choo ndo kinachobadilisha maisha ya mtu mzima. Kule Kigogo choo kilikuwa kimoja, uwani, vyumba vinane wote mnategemea hichohicho, mvua ikinyesha shimo linajaa na maji yanapanda, na mama wa miaka sitini na kitu anatoka saa nane usiku na tochi ya simu mdomoni ili mkono mmoja ashike kopo na mwingine ashike ukuta. Hapa alikuwa anajivuta hatua nne na magongo yake amefika. Nilimsikia usiku mmoja anatoka chooni anasema alhamdulillah peke yake, hakujua niko macho.

Alafu mahali palipo. Mwendokasi upo hapo, soko la Magomeni lipo hapo, Kariakoo unaenda hata kwa mguu kama huna mzigo. Hata nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere enzi za kudai uhuru iko mitaa ya jirani, siku hizi ni makumbusho. Hili la mahali mi naliweka juu kuliko kitu kingine chochote kwa sababu nimeona wenzetu walivyofanyiwa vingine. Desemba ya mwaka huohuo 2011 mafuriko yalipiga bonde la Msimbazi, watu wa Jangwani na mabondeni wakapelekwa Mabwepande wakapewa viwanja. Kiwanja ni kitu kikubwa, sikatai, lakini kama riziki yako ni kubeba mizigo Kariakoo au kuuza maji stendi, kutoka kule kila siku nauli inakula nusu ya ulichopata, na wapo waliorudi bondeni wakijua kabisa mvua itakuja. Siku hizi kwenye mradi wa bonde la Msimbazi, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia, watu wanalipwa fidia ya hela kila mtu akatafute kwake. Kwa hiyo hapa mjini tumeshajaribu njia tatu, kiwanja mbali, hela mkononi na ghorofa palepale. Ya ghorofa ndo imeigharimu serikali sana kwa kila familia na ndo pekee iliyomwacha mtu karibu na alipozoea kupata mkate wake. Kwa hilo naisifu na sitarudi nyuma.

Kwenye maisha ya kila siku kuna mambo ambayo mtu wa nyumba za chini lazima ajiandae. Siku moja tumetoka kliniki kubadilisha bandeji, tunafika umeme hakuna, lifti imesimama. Mama mkubwa na mguu wake wa hogo. Tulikaa chini kama nusu saa kwenye kivuli, alafu vijana wanne wa hapohapo jengoni, mmoja nilikuwa hata simjui, wakaleta kiti cha plastiki, wakamkalisha, wakambeba ngazi kwa ngazi, wanapumzika kila ghorofa, yeye anasoma dua kwa sauti na wao wanaitikia amin. Tulipofika juu mashati yamelowa jasho kama wameoga, wakakataa hata soda, wakasema "mama utatuombea". Wale ni watoto wa kota ya zamani, mama zao na yeye walichota maji bomba moja. Hapo nikaelewa faida ya kuwarudisha watu walewale pamoja, maana ungechukua watu wageni ukawachanganya kwenye ghorofa sijui kama yule kijana angetoka ndani kwake.

Jikoni. Mama mkubwa amepikia mkaa maisha yake yote, ghorofani mkaa ni shida, moshi unajaa ndani na majivu unayapeleka wapi, kwahiyo ni gesi. Mtungi mdogo ukiisha katikati ya mwezi na hela haipo ndo mnakula mkate na chai kwa jirani. Zamani mkaa ulinunuliwa wa kopo, wa mia tano, wa elfu moja, hata kama huna kitu unapika. Gesi haijali kwamba leo huna. Na kinu. Wiki ya pili nilitwanga kisamvu, nimeweka kinu kwenye sakafu natwanga kama nilivyofundishwa, dakika kumi mlango unagongwa, dada wa nyumba ya chini amekuja na khanga begani, shikamoo mama, unaendeleaje na mguu, maneno mazuri tu, mwisho ndo akasema mtoto wake amelala na dari linatikisika. Niliona aibu kweli. Toka hapo kisamvu tunanunua kilichotwangwa sokoni, na kinu kiko kwenye kona kimefunikwa na kitambaa kimekuwa meza ya redio.

Lakini kubwa kuliko yote ni vitumbua, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana hili likikosewa hata uweke vigae vya dhahabu mtu atashindwa kukaa. Kwenye kota ya zamani mama mkubwa alikuwa anauza vitumbua na chai mlangoni kwake. Saa kumi na moja alfajiri jiko limewaka barazani, wanaowahi kazini wanapita wanakula wamesimama, wanafunzi wanabeba kwenye gazeti, saa tatu amemaliza anafagia. Amesomesha watoto watatu kwa baraza ile. Hakuwa analipa fremu wala leseni ya kitu, baraza ilikuwa sehemu ya nyumba. Aliporudi amepewa nyumba nzuri mara kumi ila haina mtaa mbele yake. Nani apande ngazi au asubiri lifti alfajiri kwa ajili ya kitumbua cha mia mbili? Alijaribu kupokea oda kwa simu, mjukuu anashusha kwenye ndoo yenye mfuniko, mjukuu akaanza sekondari ya bweni ikafa. Na hayuko peke yake. Kuna wa ubuyu na barafu, kuna fundi cherehani aliyekuwa anashonea uwani, wote nyumba imepanda hadhi na kipato kimeshuka, na hao haohao ndo wanatakiwa waje wainunue.

Tuje kwenye hela.

Ujenzi ulitajwa kuwa bilioni 52 na ushee. Ukigawanya kwa nyumba 644 inakuja kama milioni 81 kila nyumba, japo humo kuna na vitu vya pamoja. Bei walizotajiwa wakazi ni kama milioni 48 na nusu kwa nyumba ya chumba kimoja na karibu milioni 57 kwa ya vyumba viwili, ardhi haijahesabiwa humo. Kwahiyo tuwe wakweli, kila nyumba imebebwa na walipa kodi kwa kama milioni 24 mpaka 32. Yule mpangaji wa Kigogo ambaye bado anapanga foleni ya choo uwani naye kachangia, kila anaponunua sabuni na vocha. Nalisema hili mbele ya ndugu zangu na wananinunia, ila ni kweli.

Upande wa pili mwangalie mwenye nyumba. Nilikaa na mama mkubwa na kikokotoo cha simu. Milioni 48 na nusu, miaka 15, bila riba hata shilingi, ni kama 270,000 kwa mwezi. Miaka 30 ni kama 135,000. Akanyamaza. Alafu akaniuliza, "Miaka thelathini mie ntakuwa na mingapi?" Ana 64. Chumba chake cha mwisho cha Kigogo kilikuwa hakifiki nusu ya hiyo 135,000, na kilikuwa kibaya ila alikuwa anakimudu.

Na hapo bado matunzo. Nyumba ya chini bomba likipasuka unaita fundi anaziba na mpira, yamekwisha. Ghorofani bomba moja ni la watu arobaini. Lifti inakula umeme, pampu ya kupandisha maji inakula umeme, taa za ngazi, ulinzi, taka, rangi ya nje baada ya miaka, kodi ya majengo ambayo toka 2021 inakatwa kwenye luku. Sheria ya kumiliki sehemu ya jengo ipo toka 2008 na inataka wamiliki wawe na umoja wao wa kusimamia na kuchangia hivyo vya pamoja, sawa, lakini mchango una maana kama kila mtu anao. Nina rafiki anapanga ghorofa lingine la umma hapa mjini, silitaji, lifti yao iliharibika ikakaa miezi mingi kwa sababu nusu ya nyumba zilikuwa hazichangii, wazee wa juu wakawa wanashuka mara moja kwa wiki tu kwenda msikitini. Magomeni sikukuta hali hiyo, na naomba isifike, ila ndo ninachokiogopa siku miaka ya bure ikiisha na watu wakaanza kuchagua kati ya mchango na ada.

Haya mambo sio mageni hapa kwetu ndo maana yananiuma. Shirika la Nyumba la Taifa lilipoanzishwa 1962 kazi zake za mwanzo zilikuwa hizohizo, kuvunja vibanda vya miti na udongo Dar na kujenga za tofali, Magomeni ikiwemo. Nyumba zikapatikana nzuri lakini kila unapovunja moja ukajenga moja, mji haujaongeza nyumba, umebadilisha tu, na huku watu wanamiminika kutoka mikoani. Hela haikutosha. Kufika 1972 serikali ikageuza mwelekeo, ukaja ule mpango wa viwanja na huduma, yaani unapewa kiwanja chenye huduma unajijengea mwenyewe, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Sinza, Kijitonyama, Mikocheni, na Manzese badala ya kuvunjwa ikapelekewa barabara, maji na taa watu wakiwa palepale. Viwanja vingi vya kule viliishia mikononi mwa wenye uwezo, hilo linajulikana, lakini Manzese haikuondolewa. Magomeni Kota ni hesabu ileile ya miaka ya sitini, kaya 644 zimetoka na 644 zimerudi, hakuna hata mpangaji mmoja wa Kigogo aliyepata chumba kutokana na bilioni 52.

Zanzibar nako, maghorofa ya Michenzani. Baada ya Mapinduzi, Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki alivunja nyumba za Ng'ambo akajenga yale marefu yanayokutana pale kwenye mzunguko, watu wakapewa bila kununua. Nilienda harusi pale, bibi mmoja wa ghorofa ya juu akaniambia yeye hajawahi kulipa kodi maisha yake yote na anamwombea Mzee kila siku. Lakini ngazi zimechoka, na maji kupanda juu ni tatizo la miaka na miaka, maana kitu kilichotolewa bure kilihitaji bado mtu wa kukitunza kila mwaka na fungu hilo halikupangwa. Kwahiyo bure peke yake sio jibu, na milioni 48 kwa muuza vitumbua nayo sio jibu.

Nairobi wamepitia na wao. Kibera, Soweto Mashariki, watu walihamishiwa maghorofa ya muda ya Langata mwaka 2009, wakasubiri, na Julai 2016 Uhuru Kenyatta akakabidhi nyumba 822. Bei kuanzia shilingi 600,000 za Kenya ya chumba kimoja mpaka milioni 1.35 ya vyumba vitatu, na kianzio asilimia 10 kupitia ushirika wao. Ushirika ule naupenda, walianza kuweka akiba kabla jengo halijaisha. Pamoja na hivyo wapo waliopangisha nyumba zao kwa watu wenye mishahara wakarudi kwenye mabati, kwa sababu kodi ya mpangaji inalisha watoto na ghorofa haliliki. Wanasemwa sana wale. Mi siwezi kuwasema, nikimwangalia mama mkubwa naona ndo kitu cha kwanza mtu mwenye akili atakifikiria.

Kwahiyo tathmini yangu. Nyumba kama nyumba, nyota nne na nusu, nusu nimetoa kwa sababu ya jikoni. Mahali nyota tano. Majirani tano. Mpango wa malipo na matunzo nyota mbili, na hizo mbili ni kwa ajili ya kuondoa ardhi kwenye bei. Kama eneo lenu linatakiwa kuvunjwa na mnaahidiwa ghorofa, msikatae haraka, ila kabla hamjatoa kitanda nje muwe na karatasi yenye kiasi cha mwezi, miaka mingapi, nani analipia lifti, mtakaa wapi kipindi cha ujenzi na kwa hela ya nani, na wauza vitumbua watawekwa wapi. Hilo la mwisho mtaambiwa ni dogo. Komaeni nalo, ombeni vibaraza chini ya jengo, fremu ndogo ndogo kwa wenyewe kwanza, maana ndo zitakazolipa hiyo nyumba.

Ukihesabu toka siku ya ufunguzi, miaka mitano inatimia Machi 2027. Mama mkubwa mguu umepona, anachechemea kidogo. Rafiki yake wa zamani ana kibaraza karibu na Mapipa, wamekubaliana, saa kumi alfajiri anashuka na lifti na ndoo ya unga uliolala, akirudi saa nne ametoa hela ya mchele na mafuta, elfu tano inaingia kwenye kopo la maziwa ya unga lililo juu ya kabati jipya. Haruki hata Ijumaa. Kwa mwezi ni 150,000. Kama itakuwa miaka thelathini inatosha, na mchango wa lifti unabaki. Kama ni kumi na mitano haitoshi.